Kengele ya Basi la Kirua

Siku basi la Kirua lilipomburuta Bibi Ester, Odilia alipiga bodi kwa viganja vyote viwili mpaka vikavimba, na dereva hakusikia. Ilikuwa masika. Mvua ilitwanga paa la basi, injini ilinguruma kwa ule mlima wa kutoka Uchira, na abiria wenyewe walikuwa wakipaza sauti ili wasikilizane. Bibi Ester alikuwa ameshateremka na kapu lake la ndizi, lakini ncha ya kitenge chake ilibanwa na mlango wa nyuma. Odilia, ambaye ndiye aliyekuwa kondakta, alikiona kitenge kinavutika. Akapiga bodi, akapuliza filimbi, akaliita jina la dereva. Basi likaendelea kupanda. Lilisimama pale tu abiria wa kiti cha mbele alipogeuka kwa bahati, akaona nyuso za watu wa nyuma, akamshika dereva bega.

Bibi Ester hakufa. Alikatwa mguu hospitalini Moshi, na biashara yake ya ndizi ikaishia hapo.

Dereva alikuwa Evaristo. Alilia pale wodini mbele ya watu, mtu mzima na kofia yake mkononi, na Odilia ndiye aliyemtoa nje akamkalisha kwenye ngazi. Alikuwa na sababu ya kumhurumia. Evaristo na marehemu mumewe, Kastori, walikuwa marafiki tangu walipojifunza udereva pamoja. Kastori alipofariki, Evaristo ndiye aliyekwenda kwa meneja wa shirika la mabasi kumwombea mjane kazi. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kila mkutano ulisema wanawake wafanye kazi zote, lakini kwenye njia za mlimani hakukuwa na kondakta mwanamke hata mmoja. Watu walicheka. Evaristo akawaambia, "Basi naendesha mimi, na kondakta ninayemtaka ni huyu." Na binti wa Odilia, Aurelia, aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini, alipopelekwa kanisani, Evaristo ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo. Hapa duniani Odilia hakuwa na mtu aliyemwamini kama huyo.

"Padre akiwa jikoni," Odilia alimwambia siku moja, "mtu akibonyeza kengele ya mlangoni, anasikia. Kwa nini wewe usinisikie mimi niliye nyuma ya basi hilohilo?"

"Kengele ya umeme? Ndani ya basi?"

"Betri si ipo?"

Evaristo akafikiri, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo ya Bibi Ester. "Twende kwa Harbans," akasema.

Harbans alikuwa fundi Mhindi, kalasinga, mwenye karakana Moshi, karibu na reli, na shirika lilikuwa likimpelekea mabasi yake. Aliwasikiliza huku akijifuta mafuta mikononi. Meneja wa shirika, Bwana Filemon, naye alikubali upesi, maana habari ya Bibi Ester ilikuwa imemfedhehesha mbele ya wakubwa wa chama. Haikupita muda basi la Kirua likawa na vitufe vyekundu nyuma, katikati na kwenye nguzo ya mlango, na juu ya kichwa cha dereva kengele ya shaba yenye mlio wa kutoboa masikio. Kusimama kwa kawaida kuliendelea kuwa kwa kupiga bodi kama zamani. Kitufe kilikuwa cha hatari tu. Odilia aliwaeleza abiria kila safari, kwa Kiswahili kisha kwa Kichagga: mtu akianguka, mlango ukifunguka, ukiona moto, bonyeza usiachie.

Filemon alilizindua basi hilo kwa hotuba pale stendi ya Moshi. Evaristo akashika usukani, Odilia akabonyeza, kengele ikalia, watu wakapiga makofi.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Mtu akipitwa na nyumbani kwake, anabonyeza. Mama akiona kuku wake amefunguka kamba, anabonyeza. Mzee mmoja mlevi wa mbege alibonyeza kutoka sokoni mpaka misheni kwa sababu aliupenda mlio. Kila kengele ilipolia, Evaristo alikanyaga breki, watu wakaangukiana, na yeye akageuka na uso umemwiva kwa hasira.

"Mama Aurelia, watu wako watanitia wazimu!"

"Watazoea," Odilia alimjibu. "Nipe muda niwafundishe."

Akawafundisha kweli. Aliwagombeza, aliwabembeleza, mwingine alimteremsha njiani akamalizie safari kwa miguu. Na baada ya majuma kadhaa, abiria wakazoea. Kengele ikatulia. Asubuhi, kabla ya kuondoka pale uwanja wa misheni ambako basi lililala, Odilia alikuwa akipita kitufe kwa kitufe, anabonyeza, na kengele inalia kule mbele, na Evaristo anainua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Kisha kutwa nzima haisikiki tena. Odilia aliliona jambo hilo kama ushindi wake. Aliwasimulia makondakta wenzake wa njia za Marangu na Sanya Juu jinsi abiria wa Kirua walivyo watu wa adabu. Basi likaanza tena kuwahi. Siku ya Mei Mosi Evaristo aliitwa mbele, akatajwa kuwa dereva bora wa shirika, na Odilia alipiga vigelegele kuliko hata mke wa Evaristo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelalamika. Huyo alikuwa Mzee Primus, katekista, mtu mpole mwenye koti la miaka yote, aliyependa kukaa kiti cha nyuma kabisa.

"Binti yangu," alimwambia Odilia wakati wa kushuka, "kengele yenu mbovu. Kule kwenye kona ya daraja mzigo ulianguka kutoka juu. Nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Kimya."

"Shikamoo, Mwalimu. Labda hukubonyeza sawasawa. Asubuhi nimeijaribu mwenyewe, imelia."

"Marahaba. Nimebonyeza sawasawa."

Odilia alimwita Evaristo. Evaristo akashuka, akaingia nyuma, akamwambia mzee abonyeze tena, akarudi mbele. Kengele ikalia mpaka watu wa dukani wakatoka kuangalia.

"Unaona, Mwalimu?" Evaristo alisema kwa upole, akimshika mzee mkono. "Kidole cha uzee hicho. Bonyeza kwa nguvu."

Watu wakacheka, na Odilia akacheka nao. Mzee Primus hakucheka. Alikitazama kitufe, akamtazama Evaristo, akachukua mfuko wake akaenda zake.

Ikafika Jumapili ya sikukuu ya Ekaristi. Parokia ya Kirua ilipeleka kwaya yake Moshi kwenye maandamano, na basi likakodiwa kwa ajili hiyo, lakini pamoja na kwaya walipanda pia watu wengine waliotaka kwenda kusali mjini. Lilijaa mpaka njia ya katikati haipitiki. Kwaya ilikaa na kusimama katikati pamoja na ngoma zao. Odilia alikuwa nyuma mlangoni, na Mzee Primus, aliyekuwa kiongozi wa safari kwa upande wa kanisa, alikuwa kwenye kiti chake kilekile. Asubuhi hiyo, kama kawaida, Odilia alikuwa amejaribu kengele, ikalia.

Ukungu ulikuwa haujapanda. Basi liliteremka polepole kati ya migomba na mibuni, ngoma zikipigwa, watu wakiimba. Walipoanza mteremko mrefu, Odilia akasikia harufu. Alidhani ni mpira unachomwa shambani. Kisha akaona moshi mwembamba unapenya kwenye mbao za sakafu, juu ya gurudumu la nyuma.

"Mwalimu, inua miguu!"

Mzee Primus aliinua miguu, akachungulia, akasema, "Breki imeshika. Inaungua."

Odilia akabonyeza kitufe cha mlangoni. Hakusikia kitu. Akadhani ni ngoma zinazoifunika. Akabonyeza tena, akashikilia kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote, akitazama mbele aone kama mkono wa Evaristo utainuka. Haukuinuka. Mzee Primus naye alikuwa amekandamiza kitufe cha kiti chake kwa kiganja kizima. Odilia akapiga bodi. Kwaya ikadhani anawaunga mkono, wakazidisha ngoma. Akapiga kelele, "Simamisheni ngoma! Mwambieni dereva asimame!" Wa karibu wakasikia, wakapitisha neno, lakini katikati lilimezwa na wimbo. Akajaribu kupenya. Watu walikuwa wamebanana bega kwa bega, watoto wamepakatwa, vikapu chini. Alifika katikati tu. Huko akaona kitufe kingine, akakibonyeza, na akiwa sasa karibu zaidi na mbele alijua kwa hakika kwamba kengele hailii. Ilikuwa pale juu ya kichwa cha Evaristo, inang'aa, kimya.

"Evaristo!" aliita. "Evaristo!"

Dereva akageuka. Ndipo tairi la nyuma lilipopasuka.

Basi lilikwenda upande, likarudi, likaacha barabara na kulala ubavu ndani ya mtaro, juu ya mibuni ya watu. Nyimbo zikawa vilio. Odilia alitolewa dirishani, mfupa wa bega umevunjika. Wengi walivunjika mikono na mbavu. Aliyekufa ni mmoja, Mzee Primus, ambaye ubavu wa nyuma ulimlalia. Waliomtoa walisema kiganja chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

Basi lilivutwa mpaka uwanja wa shirika Moshi. Siku chache baadaye askari wa usalama barabarani alikuja, pamoja na Filemon na kamati ya wafanyakazi, na Odilia akaitwa, mkono umefungwa shingoni. Alieleza yote aliyoyaona. Askari akasikiliza, kisha akaingia ndani ya basi lililopondeka, akaweka betri nyingine, akabonyeza kitufe cha mlangoni.

Kengele ikalia.

Akabonyeza cha katikati, ikalia. Akabonyeza cha kiti cha nyuma. Ikalia, mlio uleule wa kutoboa masikio, na watu wote uwanjani wakamgeukia Odilia.

"Mimi sikusikia kengele," Evaristo alisema. Alikuwa na plasta kipajini na hakuwa anamtazama. "Ningeisikia ningesimama. Ilikuwa juu ya kichwa changu hapa."

"Kondakta," askari akauliza, "una hakika ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Labda ulitaka kubonyeza, hofu ikakushika," Filemon alisema, kama anayemsaidia. "Hutokea. Hasa kwa akina mama."

Wakamsimamisha kazi mpaka shauri lisikilizwe. Odilia alirudi Kirua akiwa hajui tena aamini nini. Alikumbuka kidole gumba chake kikiuma. Lakini kengele ililia mbele ya macho yake. Usiku na mchana aliirudia ile safari kichwani, na kadiri alivyoirudia ndivyo alivyozidi kujitilia shaka. Kanisani watu walimpisha njia kwa namna ambayo haikuwa heshima. Mjane wa Mzee Primus alimpa mkono bila kuufumba.

Katika hali hiyo ndipo Evaristo alipokuja nyumbani kwake. Alikuja asubuhi na mapema, pamoja na Mzee Eliamini, mzee wa ukoo wao, na mkononi alishika jani la sale. Kwa Wachagga, mtu akikuletea jani hilo anaomba msamaha, na ukilipokea umekwisha kusamehe, neno halirudiwi tena. Watu walishawahi kusameheana damu kwa jani hilo.

"Mama Aurelia," Evaristo alisema, akiwa amesimama, hakutaka kukaa. "Kama kuna lolote nililokukosea katika jambo hili, naomba unisamehe. Kwa ajili ya Kastori. Kwa ajili ya mtoto wetu."

Odilia alidhani anazungumzia siku ile uwanjani, jinsi alivyomwacha peke yake mbele ya watu. Machozi yakamtoka. Alifikiri: huyu hakuweza kusema uongo kwamba alisikia kengele, na bado imemuuma, amekuja. Akalipokea jani kwa mkono wake mzima.

"Hujanikosea kitu, kaka yangu," akasema. "Sote tumepatwa."

Mzee Eliamini akamshukuru Mungu. Odilia akawapikia mtori, wakala. Evaristo alikula kidogo, akaaga mapema.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini bega lilimlazimu Odilia kwenda hospitali Moshi, na wakati wa kurudi alipita karakana ya Harbans. Hakwenda kupeleleza. Alikwenda kumuuliza fundi aliyeitengeneza kengele kama inawezekana ikagoma kisha ikapona yenyewe, maana alitaka mtu mmoja amwambie kwamba yeye si mwendawazimu.

Harbans alimpa kiti, akamwagizia chai. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama anauliza jambo dogo, "Swichi ilikuwa wapi? Juu au chini?"

"Swichi gani?"

"Swichi ya chini ya usukani, Mama. Ile ya kuzima kengele."

Odilia aliweka kikombe chini. "Kengele haina swichi."

Harbans akamtazama, na taratibu uso wake ukabadilika. "Mama," alisema, "wewe ndiye uliyeagiza. Evaristo alikuja hapa kabla ya Mei Mosi. Akasema: Odilia amesema abiria wanabonyeza ovyo, anataka swichi, iwashwe asubuhi ya kujaribu, njiani izimwe mpaka watu wasahau mchezo. Nikamwambia, si hatari? Akasema, kondakta mwenyewe ndiye anataka, mimi nani? Mimi nikaweka. Kama angesema ni yeye, nisingeweka. Kwa sababu ni wewe, niliamini."

Gari moshi lilipita nyuma ya karakana. Odilia hakulisikia. Alikuwa akiona asubuhi zote zile: yeye nyuma anabonyeza, kengele inalia, mkono wa Evaristo unainuka na tabasamu. Halafu mkono uleule unashuka chini ya usukani. Kila siku. Aliona jinsi alivyojisifu kwa makondakta wenzake. Aliona Mzee Primus akisema, nimebonyeza sawasawa, na yeye, Odilia, akicheka na watu.

"Na sasa," aliuliza, "askari alipoijaribu, kwa nini ililia?"

"Mtu aliyeizima si anajua kuiwasha?"

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Evaristo. Alimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba, anakata majani ya ng'ombe. Evaristo alipomwona tu akajua. Hakuuliza habari za bega.

"Ulipotoka ndani ya basi," Odilia alisema, "watu wanalia, Mwalimu amelaliwa, wewe ulirudisha swichi kwanza?"

Evaristo aliweka panga chini. "Sijui kwa nini nilifanya vile. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mkono wako wajua sana njia ya kwenda."

"Odilia, nisikilize. Ulikuwa hukai mbele wewe. Kila kukicha, ngriii, ngriii, nakanyaga breki, gari la mlimani, breki zenyewe za kubahatisha, vipuri hakuna. Nilikuwa nachelewa kila safari. Filemon ananiita ofisini. Nikasema, kwa muda tu. Halafu ikawa vizuri. Halafu wewe mwenyewe ukafurahi kwamba watu wameshika adabu. Ningekuambiaje?"

"Kwa kinywa. Ungeniambia kwa kinywa."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Na ndiyo maana ulimwambia Harbans kwamba mimi ndiye ninayetaka."

Evaristo aliinama, akaokota panga, akaliweka tena chini. Kisha akasema lile ambalo Odilia hakulisahau maisha yake yote. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza jambo la busara:

"Wewe wakikukuta na kosa watakupa onyo, au watakuhamishia ofisini. Mimi ni jela. Nina watoto wangu, na Aurelia ni wangu pia. Sema ulishtuka hukubonyeza. Ni neno moja tu. Na tena, Odilia, ulilipokea sale. Umeshanisamehe."

"Nilikusamehe nini?"

"Lolote. Nilisema lolote. Mzee Eliamini ni shahidi."

Odilia akamtazama yule mtu aliyemwombea kazi, aliyemshika mtoto wake mbele ya padre. Akaelewa kwamba jani lile halikuletwa kwa majuto. Lililetwa kumfunga mdomo kabla hajajua kuna la kusema.

"Basi wewe na Mzee Eliamini mtaona," akasema, akaondoka.

Siku ya shauri ukumbi wa shirika ulijaa. Harbans alikuja na kilemba kipya, akiwa na woga mwingi. Wahindi wengi walikuwa wameshaondoka au walikuwa wanajiandaa kuondoka, na aliyebaki hakupenda kutajwa kwenye kesi. Lakini alisimama akasema yote, pamoja na kosa lake mwenyewe. Askari akaenda naye kwenye basi, wakaikuta swichi nyuma ya kitambaa kichafu. Evaristo alipoulizwa, hakukana. Alisema tu, "Ni kweli," akakaa.

Akapelekwa mahakamani, akafungwa. Odilia alisafishwa mbele ya wote, na Filemon alimpa mkono. Juma lililofuata Filemon huyohuyo aliamuru kengele ing'olewe, na ile ya basi la Marangu lililokuwa linatengenezewa isiendelee. "Zinaleta mgogoro kati ya wafanyakazi," alisema. Odilia alimwuliza kama mtu mwingine akiburutwa je. Filemon akasema watanunua filimbi bora.

Na kule Kirua, watu walimgeuka. Hawakumgeuka kwa sababu ya Mzee Primus. Walimgeuka kwa sababu ya jani. Mzee Eliamini alipita nyumba kwa nyumba akisema mwanamke amepokea sale mbele yake, amekula naye mtori, kisha akampeleka mwenzake gerezani. Odilia alijaribu kueleza kwamba alipokea asichokijua. Wengine walielewa, wengine walisema sale ni sale. Mke wa Evaristo, ambaye walikuwa wakisukana nywele, alimtemea mate njiani. Mjane wa Mzee Primus peke yake ndiye aliyekuja kukaa naye, akaja tena, na siku moja akamwambia, "Mume wangu alirudi nyumbani siku ile ya kengele akasema, Yule binti si mwongo, anadanganywa. Nilifikiri anazungumza mambo ya dini."

Odilia hakurudi kwenye basi. Alihamia Himo na binti yake, njia panda penye malori ya kwenda mpakani, akafungua mgahawa wa mbao. Alipika ndizi nyama, mtori, na makande, na madereva wa malori walimpenda kwa sababu hakuwapunja wala kuwanyanyasa. Miaka ya uhaba ilipofika, sukari haipatikani na sabuni inapigiwa foleni, mgahawa wake ulibaki umesimama.

Evaristo aliingia alasiri moja, baada ya watu wa mchana kuondoka. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa za kijivu. Aliomba chakula kama mteja yeyote, na Odilia akampakulia. Alikula kwa heshima, kichwa chini.

"Sasa napakia mahindi," alisema. "Leseni hawakunirudishia."

"Nimesikia."

"Nimetaka kuja siku nyingi. Nilidhani hutanipa hata maji."

"Maji ni ya kila mtu."

Lori lilipita nje likitimua vumbi, na Odilia akafunika sufuria.

"Unaniwazia vibaya bado?" Evaristo aliuliza.

Odilia alikaa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo kwa miaka mingi, na majibu yote makali aliyoyaweka hayakuja.

"Ungekuja ukaniambia kweli," alisema, "asubuhi ile, kabla sijaisikia kwa Harbans. Ungesema: Odilia, nilizima kengele, nikatumia jina lako, Mwalimu amekufa kwa mkono wangu. Ningelia. Ningekutukana. Halafu ningekwenda nawe mpaka mbele ya askari, na ungefungwa, na kila Jumapili ningekuletea chakula gerezani. Wewe ulikuwa hunijui, Evaristo? Miaka yote ile?"

Evaristo alibaki ameshika kijiko. Mlangoni waliingia madereva wawili wakiuliza kama makande yamebaki, na Odilia akainuka kwenda kuwapakulia. Alipogeuka, Evaristo alikuwa ameshatoka, anavuka barabara polepole kuelekea kwenye magunia yake, na Odilia alisimama na upawa mkononi akimtazama mpaka mmoja wa madereva alipomwita tena.